Viazi chumbani kwa Upendo

Jumatatu, 8 Aprili. Njombe
Nimesugua ukuta tena. Brashi, maji ya klorini, kitambaa puani. Kuvu imerudi palepale, nyeusi, nyuma ya kitanda cha mwanangu Upendo. Wiki ya tatu hii. Mvua haikatiki. Upendo amekohoa mpaka akatapika uji.

Jumatano, 10 Aprili
Mama mkwe ametuma magunia mawili mengine ya viazi kutoka Iwawa. Sasa ni matano, yote chumbani kwa Upendo. Chakula cha mama hakilazwi bandani. Maneno ya mume wangu hayo. Na dirisha lisifunguliwe, baridi.

Viazi vimechimbwa kwenye mvua, vina tope bado. Nimepapasa gunia la chini. Limelowa. Ukuta nyuma yake unatoka jasho. Kumbe nasugua bure. Nimejiona mjinga.

Jumamosi, 13 Aprili
Daktari wa zahanati amesema kifua hakitapona chumba kikiwa kibichi. Nimemwomba Baba Upendo tuhamishie viazi bandani. Akasema, "Ukivitoa viazi vya mama ndani, umemtoa na mama."

Banda lenyewe ni hatua kumi. Mtoto wake anapiga miluzi kifuani, yeye analinda heshima ya viazi. Leo namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimeyaburuta magunia mwenyewe mpaka bandani, yote matano. Nikafungua dirisha, nikavuta kitanda, nikasugua, nikapaka chokaa. Viganja vinawaka moto.

Jioni Baba Upendo ameyarudisha. Moja moja, Upendo akiwa amelala humohumo.

Jumanne, 16 Aprili
Nimeondoka na mtoto, basi la asubuhi. Baba yake amesema turudi akipona. Mama mkwe sikumpigia. Ataambiwa nimekimbia viazi. Na aambiwe.

Jumanne, 30 Aprili. Kitandililo, Makambako
Kwa dada yangu. Huku ni upepo tu, nguo zinakauka kabla ya saa sita. Upendo anakimbizana na kuku uani. Siku ya tano hajakohoa.

Mchana Baba Upendo amepiga simu. Si amepona? Rudini basi. Nikauliza kuhusu chumba. Akasema kipo kama mlivyokiacha.

Nimemwambia bado anakohoa. Miaka saba ya ndoa, sijawahi kumdanganya. Upendo alikuwa ameketi miguuni pangu, anamenya ndizi. Akanitazama. Kisha akasogea karibu na simu, akakohoa.