Foto za Ziwani Kabla ya Mahari

Jumapili, 4 Agosti

Félicien hataki ziwa. Mimi nataka foto zetu za uchumba kule juu, kwenye ziwa la mlimani, msituni, upande wa Komanda. Yeye anasema tupigwe hapa Bunia, kwenye bustani ya hoteli. Eti njia ni mbaya. Eti kule kuna baridi. Mtu anayenunua maharagwe Komanda kila wiki — leo anaogopa njia! Nikamwuliza kama amewahi kufika ziwani. Hata siku moja, akasema. Basi hiyo baridi ameijulia wapi?

Dada yangu Séphora anasema nashuku hata kivuli changu. Labda. Tunakwenda Jumatano, nimekwisha sema.

Jumatano, 7 Agosti

Mungu wangu, ziwa lile! Kijani, limetulia, miti imelizunguka pande zote mpaka kwenye maji, ukungu unapita juu. Nilisahau kushuku kwa nusu saa nzima. Félicien alinishika mkono kwenye matope. Nampenda, huo ndio ubaya.

Lakini. Njia ilipogawanyika, yeye alikata kushoto kabla kijana anayetuongoza njia hajasema neno. Na kule chini, mama mmoja anayechoma samaki akaruka kutoka kwenye kigoda chake.

— Baba Masika! Siku mingi! Ulipotelea wapi?

Félicien akacheka, kicheko kikavu.

— Mama, haiko miye. Umekosea mutu.

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye.

— Eee. Pengine ni macho yangu.

Akageuza samaki aliyekwisha kuiva. Mimi hakunitazama tena.

Nimezipitia foto zote. Mimi natabasamu. Yeye anaangalia njia.

Alhamisi, 8 Agosti

Masika. Kwetu Wanande jina hilo halipewi ovyo: ni la binti wa kwanza. Na mtu haitwi Baba Masika kama Masika hayupo. Félicien ameniapia mara mbili kwamba hana mtoto. Angesema tu! Ningemlea. Ningemshonea gauni, cherehani si ninayo? Kufichwa ndiko kunakoniuma. Na kama Masika yupo, mama yake naye yupo.

Leo nimemwuliza tena. Eti najichokesha bure. Jioni akaniletea sabuni ya manukato. Kwa nini sabuni, na kwa nini leo?

Jumamosi, 10 Agosti

Wamefika. Baba mdogo Josaphat na wazee wetu wako uani, watu wa Félicien wamekaa kuwaelekea. Mbuzi wa mahari wako langoni. Baba mdogo akipokea ile kamba yao tu, basi, nimeolewa. Bibi harusi haonekani mpaka aitwe, kwa hiyo niko chumbani na Séphora, nyuma ya pazia. Naogopa. Naandika mbiombio.

Félicien alikuwa amenipa mgongo, anachekeshana na watu, Fanta mkononi. Mjomba wake akaleta kamba. Baba mdogo akainuka, akanyoosha mkono. Ndipo nikaita, kwa sauti ya jikoni, kama mke anayemwita mumewe aje kula:

— Baba Masika!

— Eee! Nakuya!

Hata hakugeuka. Aliitika tu. Halafu akaganda, na Fanta yake.

Mbuzi wanalia. Baba mdogo amerudisha mkono. Anauliza Masika ni nani. Félicien anasema ngoja kwanza, muzee, ngoja nieleze. Mjomba wake anaangalia viatu vyake — kumbe wote walijua!

Sasa wananiita mimi. Séphora ananivuta mkono, na kitenge sijakifunga.