Mtoto Amepiga Chafya, Dada

Dada yangu Tapsubei,

Usishtuke kupata barua. Najua hukusoma hata siku moja, na mimi mwenyewe shule ilinichoka mapema. Lakini huko uliko hakukosi mtu wa misheni. Mwambie akusomee, na akiruka maneno mabaya mkaripie.

Chelang'at, mke wako, amejifungua. Mvulana. Ulituacha mvua zikianza, naye akaja mahindi yakichanua. Ungengoja kidogo tu, dada. Wewe uliyengoja miaka yote hiyo, hapo ndipo ulipochoka?

Nakumbuka dawa ulizokunywa. Mizizi ya yule mama wa Molo, michungu hata mbwa alitoka nje ukiichemsha. Halafu hospitali ya Nakuru, daktari akakupulizia hewa tumboni aone kama njia iko wazi. Uliporudi nikakuuliza kama sasa wewe ni tairi la baiskeli. Ulicheka ukajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka, nikakosa pa kutazama. Ndipo ukaniambia alichosema daktari: njia iko wazi, mlete mumeo naye apimwe.

Mumeo akasema jogoo hapimwi. Basi. Watu wakakuita tasa mpaka siku tuliyomzika, na hata siku hiyo hukusema neno. Mimi ningelisema kwa sauti, kaburini pale pale. Ndiyo maana hukuniruhusu kusimama karibu.

Ulipotoa ng'ombe ukamwoa Chelang'at, mwalimu wa misheni aliniuliza hiyo ni dhambi gani. Nikamwambia si dhambi, mwalimu. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto anaweza kuoa msichana. Anakuwa mume, na mtoto ambaye msichana atazaa, na mwanamume yeyote, humwita yeye baba. Akavua miwani akaifuta. Na mimi toka siku hiyo nikakuita Bwana Mkubwa, ukanitupia mwiko.

Sasa sikia. Hatujamaliza hata kukulilia, shemeji yako Kiplel, ndugu wa mumeo, akaja na fimbo. "Mume amekufa, mtoto hajazaliwa, hiyo ni ndoa gani? Msichana arudi kwao, ng'ombe wa nyumba hii waje kwangu." Chelang'at na tumbo lake akakaa mlangoni kwako, hakuondoka. Wazee wakasema tungoje siku ya kumpa mtoto jina. Wahenga wa nyumba wakimkubali, ni wa nyumba hii.

Siku ikafika. Kina mama wakamweka mtoto mapajani, wakampaka ugoro kidogo puani, wakaanza kuita majina ya waliokufa, wasikie ni jina gani litamfanya apige chafya, maana chafya ndiyo ishara ya kukubaliwa. Wakamwita mumeo. Kimya. Wakamwita baba mkwe wako, na babu yake. Kitoto kinawatazama tu, kama mzungu anayeombwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kiplel akaanza kutabasamu. Chelang'at alikuwa ameuma kanga yake. Dada, mimi niliyezoea kucheka matangani, nilianza kuhesabu wafu waliobaki.

Yule bibi kizee asiye na meno, rafiki yako, akasema, "Tapsubei je?"

Kiplel akaruka. "Huyo ni mwanamke!"

"Ulikunywa pombe ya harusi yake," bibi akamwambia, "ukaomba na nyingine. Uliona bwana harusi ni nani?"

Akainama, akakuita. Kwa upole, kama mtu anayekuita uje kula.

Mtoto akapiga chafya, mpaka ugoro ukamwingia bibi machoni.

Wengine wanasema ni mimi niliyepuliza. Naapa, kikebe changu cha ugoro kilikuwa mfukoni, na mimi nilikuwa huko kwa wanaume. Safari hii sikufanya kitu. Nililia tu, na kamasi, mbele ya watu.

Kiplel ameenda na fimbo yake. Ng'ombe bado wako zizini kwako. Chelang'at anakusalimu, anachemsha uji kwenye chungu kile kile cha mizizi. Nilimwambia akitupe, akasema hapana, sasa kimepata kazi.

Jina la wahenga ni lako; la kila siku tunamwita Kipkoech, maana alizaliwa alfajiri. Akikua atauliza baba yake alikuwa nani. Nikiwa hai nitamkalisha chini nimweleze, wala sitatia chumvi, nakuahidi: baba yako alikunywa kila kitu kichungu cha bonde hili akikutafuta.

Lala salama, Baba Kipkoech.

Ndugu yako,
Arap Tuwei