Unga wa Kung'arisha Meno

Hedwiga, hapa Maji ya Chai hakuna mwanaume ninayemwogopa. Sasa hivi nimejifungia kwenye choo cha buchani.

Si unamkumbuka yule muuza unga wa meno, anayejisifu kwenye spika? "Mimi nimezaliwa hapahapa, nimekunywa maji haya haya, yakayafanya meno yangu kuwa ya kahawia kama yenu! Unga huu ndio umeyang'arisha!"

Mjukuu wangu Najat akanunua. Fizi zimeungua, zinatoa usaha, hata uji haumezi. Daktari anasema jino la mbele huenda likang'oka.

Nikamfuata sokoni. "Umemchoma mtoto wangu." Akacheka. AKACHEKA, Hedwiga! "Bibi, huo ni uchafu unatoka. Wewe kamumunye ndizi zako."

Kamumunye ndizi! Mimi!

Nikachukua spika yake nikamtwanga nayo mdomoni. Damu! Akanikaba kwa mtandio wangu mwenyewe, nikaona giza, nikamng'ata mkono mpaka akapiga yowe. Akaniachia. Nikamtwanga tena.

Meno yakaruka. Yote ya juu, Hedwiga, pamoja na ufizi wake wa plastiki!

Nikayaokota nikakimbia, na magoti yangu haya. Ninayo hapa kwenye sidiria.

Anapiga mlango mateke. Mwenyekiti wa mtaa amefika, nawachungulia kwenye ufa. Anamuuliza, "Bibi amekuibia nini?"

"Simu," anajibu, kiganja kimeziba mdomo.

Mwenyekiti anamwambia, "Haya, toa mkono, useme tena."