Furu Wako Bado Wanaogelea Kwenye Chai

Masanja binamu yangu,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, ila mimi nasalimia kwanza, ndivyo tulivyolelewa.

Usiwasikilize wanaokuja huko wakitokea kwetu. Hii habari ya samaki wako, hao furu, kila mtu anaisimulia vibaya. Hapa Igoma, kwenye kibanda changu cha kuziba pancha, kuna mmoja anasema eti ulirudi mwenyewe na sanda yako ukakoroga maji. Mwingine anasema mkeo, shemeji Kabula, aliwakaanga, akawala na ugali, akashushia machozi. Mama muuza mapanki, ile mifupa ya sangara, ndiye kazidi, anasema niliwamwagia pombe. Mimi nimwage pombe? Unanijua. Haijawahi kumwagika mkononi mwangu hata tone. Ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe, na hizi herufi zangu za ngumbaru zinazolala ovyo kama ng'ombe walioshiba, nikuandikie ilivyokuwa.

Msiba wako ulikwenda vizuri. Nilifanya kazi yangu. Mtani halii, mtani anachekesha, na mtani wako mkubwa Mwanza nzima ni mimi. Nilivaa gambuti zako, nikabeba kile kichujio chako cha kuvulia, nikapita kati ya waombolezaji nikiwachungulia mmoja mmoja kama ulivyokuwa unachungulia furu, na ile sauti yako ya puani: "Huyu hana raha. Mbadilishieni maji." Walicheka mpaka mchungaji akageukia ukutani. Shemeji mwenyewe alicheka, akanirushia kandambili. Chozi halikunitoka. Waulize.

Balaa lilianzia kwenye usafi. Tulipotoka kuzika, shangazi zetu walifagia nyumba, maana maji yaliyolala ndani na maiti hayaachwi. Wakamwaga mtungi. Wakamwaga birika. Halafu wakaliona lile kabati lako la kioo ulilofugia furu, lile ulilonunua duka la ushirika lilipofungwa, tulilokuwa tunachungulia sabuni zamani kama tunachungulia dhahabu. Maji kahawia kama chai ya rangi, chini yamelala majani meusi. Shangazi Nkwimba akashika kiuno: "Masikini mwanangu, aliugua mpaka akashindwa kusafisha."

Kwa huruma, Masanja! Wakawahamishia furu kwenye ndoo, wakamwaga maji yako kwenye mchicha, wakatupa majani, wakasugua kioo, wakajaza maji ya kisima. Yaling'aa hayo! Kila aliyeingia akasifu. Na mimi nilisifu.

Asubuhi furu wako wamebanana pembeni, mapezi wameyakunja, wanapanda juu kunyonya hewa. Wawili wakageuka tumbo juu. Halafu nikamwona yule furu mama, shavu limevimba, kafunga mdomo. Nikakumbuka ulivyoniambia: mdomoni mwake mna watoto, na akiogopa sana anawatema kabla ya wakati au anawameza.

Wewe unajua ni furu gani hao. Tukiwa wadogo tulikuwa tunawatunga kwenye unyasi, tunawavaa shingoni kama shanga, tunachoka kuwala. Leo ziwani ukiuliza furu unachekwa. Sangara kawala, na sangara mwenyewe minofu yake inapita juu ya bati lako na ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mifupa. Wewe ulipopunguzwa kiwandani, wenzako wakafungua genge, wengine mitumba, siku hizi si kila kitu ruksa? Wewe ukaingia kwenye matete kutafuta furu wa mwisho. Nikakuita kichaa mbele ya watu. Nilikuwa natania, ila sauti ilikuwa kubwa.

Basi nikakaa mbele ya kioo najilaumu. Miaka yote ulinieleza unavyotengeneza maji yale, na miaka yote nilikuwa naongea mimi. Nilijua moja tu, yanafanana na chai. Nikamwomba shemeji majani ya chai. Akaniangalia: "Shemeji, na sukari niweke?"

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Jani kavu la ule mti wako wa kivuli, mkungu, pana kama sahani, lilipita dirishani, likazunguka chumba taratibu, likatua juu ya maji. Likakaa. Halafu pembeni yake maji yakaanza kutoa rangi, uzi mwembamba, unashuka, unajikunja kama moshi wa kiko. Nikasikia harufu ya matete. Nikawa mtoto, na wewe mtoto, tumezama macho wazi kwenye yale maji ya kahawia, jua linaingia, kila kitu asali, nyayo zako asali, na furu wanatupita masikioni kama wana habari za kutuambia.

Ukanikumbusha yote. Majani yaliyoanguka yenyewe, makavu, yaliyoiva rangi ya ngozi. Mabichi yanaoza, yananuka. Uyaoshe. Na usilazimishe: "Maji yabadilike kama mtu anavyozoea ukweni." Ila kuna kimoja hukunikumbusha wewe, alinikumbusha mkeo. Maji ya kisima ni magumu, birika linaota magamba meupe, sabuni inagoma kutoa povu. Shemeji alikuwa na pipa la maji ya mvua, kayatunza ya kufulia nguo za msiba. Akanawa mikono mbele yangu, povu likajaa mpaka kwenye viwiko. "Hata mimi ningekuwa samaki ningechagua haya," akasema. Akanipa pipa zima. Nguo za msiba akafua kwa maji ya kisima, anasugua, anatukana, anacheka.

Basi tukawa tunatoa kopo la maji ya kisima, tunatia kopo la mvua, asubuhi na jioni, na majani tunayapanga juu mpaka yazame yenyewe. Maji yakaanza kuiva. Furu wakafungua mapezi. Shangazi Nkwimba akaja, akaona uchafu umerudi, akataka kupiga kelele, shemeji akamkalisha: "Ngoja, shangazi. Tazama."

Jua la jioni lilikuwa limeingia mlangoni, limefika kwenye kioo. Chumba chako chote kikawa ndani ya mzinga wa asali, ukuta, mkeka, koti lako msumarini, uso wa mkeo. Na yule furu mama akasogea mpaka mbele, akafungua mdomo. Wakatoka, Masanja. Wadogo kama mbegu za ulezi, wingu zima, wakazunguka uso wake. Kivuli cha mkono wa shangazi kilipopita, wote wakarudi ndani, mdomo ukafunga. Shangazi akakaa chini, akasema polepole, "Kumbe ndivyo mwanangu alikuwa anaishi." Hajafagia chumba kile tena.

Hizo ndizo habari. Koti lako nimelichukua, linanipendeza kuliko lilivyokupendeza. Mkungu tunaukinga wasiukate, kuna jirani anataka kuni. Mvua zikijaza matete, nitawabeba nusu ya wale watoto, niwarudishe pale tulipokuwa tunazama. Nusu watabaki na shemeji kwenye chai yao. Hilo nakuahidi, na safari hii siongei, nafanya. Lala, mtani. Usinicheke sana huko.

Ila lile jani. Bora niseme mwenyewe kabla hujaniumbua. Halikupita dirishani. Ukuta ule hauna dirisha, uliujenga mwenyewe umeegemea jiwe. Nilikuwa nje, chini ya mkungu, gambuti zako miguuni, nalia kama mtoto aliyepotelewa na ng'ombe. Jani liliniangukia pajani. Nikataka kulipangusa, nikaona machozi yangu yamejikusanya katikati yake, yameshageuka rangi ya chai.