Mashati Yaliyopimwa kwa Mizani ya Omena

Suna, Migori
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku mbali, nikiomba barua hii ikukute umeamka na nguvu na goti lako limetulia. Je, Bibi kikohozi kimemwacha? Na maharagwe ya bondeni, mliwahi kuyavuna kabla ya mvua?

Sisi huku tu wazima. Nasema sisi, lakini ninapoandika niko peke yangu nyumbani, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Keti vizuri, Mama, nikueleze habari za mkwe wako Ouma, yule ambaye hujawahi kumwona. Tangu Baba aliposema hatampokea fundi wa baiskeli aliyemwoa binti yake bila kuja kwanza kupiga hodi, nilikata tamaa ya kuwaona nyote mmeketi pamoja. Ouma naye hakulisema jambo hilo tena. Nilidhani amelisahau.

Ilianza na jinzi zake. Tangu nimjue, Ouma huvaa jinzi na shati zito la kazi hata jua likiwaka namna gani. Siku moja nikafungua kabati, nikakuta hazipo.

"Jinzi zako ziko wapi?"

"Nimempa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Wiki hiyo hiyo akaja na kifurushi cha mitumba. Mlikuwa na mashati ya kitambaa chembamba, ukiliinua moja dirishani unaiona barabara. Suruali nyepesi kama karatasi. Na kaptula ya kubana yenye sponji kwenye makalio. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alikuwa akilikunja shati moja, analikunjua, analikunja tena, akitaka lienee kiganjani.

Aliyenitia wasiwasi hasa ni Mama Akoth, jirani yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alinisimamisha langoni.

"Nyar Taita," akaniita, ndivyo wanavyomwita huku binti wa kwetu, "jana bwana yako alikuja kwangu na nguo. Ameomba mizani. Amepima shati, amepima ingine, ile nzito amerudisha kwa mfuko. Mimi nimeuza omena miaka mingi, lakini sijaona mtu anapima shati. Anavalia nani?"

"Sijui, Mama Akoth."

"Na anajifulia?"

"Siku hizi anajifulia."

Akaguna tu. Mguno huo ulinifuata mpaka jikoni.

Kweli alikuwa akijifulia, Mama. Jioni anafua shati moja, analikamua ndani ya taulo, analitundika, kisha kila mara anakwenda kuligusa mkono. Nikimuuliza anasema la pamba likilowa jasho halikauki upesi, hili asubuhi linavaliwa tena. Mume wangu, ambaye soksi zake nilikuwa nikiziokota chini ya kitanda, leo ananifundisha habari za vitambaa! Nililinusa shati hilo kola na makwapa nikitafuta marashi ya mtu. Lilinuka sabuni, na hilo likanitia shaka zaidi.

Halafu zikaja safari za Jumamosi. Anaondoka alfajiri na baiskeli, anarudi Jumapili jioni, uso umeungua jua. Aliniambia analala Oyugis kwa mama yake. Nikampigia mama mkwe simu, nikajifanya namsalimu tu.

"Ouma?" akasema. "Huyo sijamuona tangu Pasaka. Ni mgonjwa?"

Nikasema hapana, ni mzima, ana kazi nyingi. Kisha nikakata simu.

Usiniseme, Mama, nilipekua mfuko wake. Ulikuwa mdogo, ule wa kufungwa nyuma ya tandiko. Ndani mlikuwa na yale mashati, soksi nyembamba, koti la mvua lililokunjwa likawa kama ngumi, na chini kabisa leso mpya ya zambarau ikiwa bado na gundi ya dukani. Mtu anayepima mashati kwa mizani ya omena amebeba leso! Mimi hajaninunulia leso tangu arusi. Niliirudisha kama ilivyokuwa, nikakaa sakafuni nikalia.

Mama Akoth ndiye aliyemaliza kazi. Wanaomletea omena kutoka kisiwa cha Mfangano hushukia Homa Bay, na mmoja wao alimwona Ouma huko, akiingia nyumba ya mwanamke mmoja karibu na ziwa, Mama Adongo. Jumamosi iliyofuata nilimwacha atangulie, kisha nikapanda gari. Nilimpita kabla ya Rodi Kopany, ameinama juu ya usukani, shati limejaa upepo mgongoni. Niliinamisha kichwa asinione.

Nyumba niliipata bila shida, kwa kuwa kila mtu Homa Bay anamjua Mama Adongo. Nilijibanza kando ya ua wa miti, na Ouma alipofika nikasikia sauti ya mwanamke ikimgombeza.

"Na hii ni ya nini? Hii jinzi?"

"Ni ya kuvaa nikifika, Mama. Niliinunua jana. Siwezi kusimama mbele ya wakwe na kasuruali kama haka."

"Ikinyeshewa njiani utabeba ziwa lote mpaka Voi. Toa."

Niliposikia Voi, njia ya kuja kwenu, nilitoka nilikojificha. Nikamkuta mama wa makamo, mvi kichwani, ameketi kwenye mkeka, na nguo zote za mume wangu zimepangwa mbele yake. Mzee wake alikuwa kando akimenya chungwa. Mama huyo alikuwa nesi, akastaafu, na ameshaendesha baiskeli kutoka Homa Bay hadi Mombasa.

"Ni nani huyu?" Mama Adongo akauliza.

"Ni bibi yangu," akasema.

"Basi mwambie ukweli. Mimi nilikukataza kumficha."

Hapo ndipo aliponiambia. Anakwenda kwetu, Mama. Anakwenda kupiga hodi kwa baiskeli, kutoka hapa Migori mpaka mlangoni kwenu. Zile Jumamosi zote alikuwa akizoesha miguu na kujifunza abebe nini, aache nini. Kwa mama yake hakwenda kwa sababu angempigia magoti asiende. Mimi hakuniambia kwa sababu, anasema, ningewapigia simu.

"Kwa nini usipande basi kama watu?" nikamuuliza, bado nina hasira.

"Nikienda na basi, baba yako atanirudisha na basi. Nikifika na baiskeli, hata akinichukia vipi, atanipa maji. Nikishakunywa maji yake, nitajua la kusema."

Nikaketi mkekani nikawasaidia kukunja.

Ila shaka haikuniisha, na hapa sikiliza vizuri. Mama Adongo alitoa karibu kila kitu, akamwachia shati la kuvaa na la kubadili, suruali ile nyepesi, na koti la mvua. Lakini Ouma aling'ang'ania sweta la sufi, zito kuliko vyote. "Hili siachi. Kule kwao saa hizi ukungu haupandi mpaka adhuhuri." Mtu ambaye hajawahi kufika hata Mwatate! Na ile leso akasema ni yako, kwa sababu unapenda zambarau.

"Nani amekuambia?" nikauliza.

"Mtu wa kwenu," akasema, akaanza kupaka mnyororo mafuta.

Kwanza nilikushuku wewe, nikasema mnazungumza na mkwe wako mkinificha. Lakini wewe hungejiagizia leso, nakujua. Dada yangu hana hata namba ya Ouma. Nami nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani haitoki mfukoni mwa Baba. Ukipiga ni yeye, ukipigiwa ni yeye. Sasa, Mama, hesabu mwenyewe watu waliobaki.

Ouma aliondoka Jumatatu. Leo amenipigia kutoka Narok, miguu inamuuma lakini shati hukauka. Nitampa dereva wa basi barua hii aifikishe Voi, itamtangulia. Atakapofika atakuwa na kasuruali kale kembamba; msione ni dharau, ndiyo nguo yake nzuri aliyoweza kubeba. Na Baba usimuulize lolote. Mtazame tu siku hizi. Akianza kukaa barazani akiangalia barabara, akisema anangoja mtu wa maziwa, basi tumeshamjua.

Nisalimie Bibi, na dada yangu pamoja na watoto wake, na shangazi wa kule juu kanisani. Baba msalimie kwa heshima zote, wala usimwambie kwamba namshuku.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Wakesho