Mkono Kwenye Tundu la Mzinga

Kibogoyo wangu,

Hapa sote wazima, na mimi mjomba wako nimezidi. Jumapili karakana yetu ilitupeleka sisi mafundi kutembea kwenye ile ngome ya ufukweni. Mtembeza wageni alianza kueleza habari za mizinga, nikamwambia, "Kaa kivulini, kijana, upumzike." Nikaeleza mwenyewe, watu wakapiga makofi mpaka kunguru wakahama. Kuogelea ndiyo usiseme: papa aliponiona aligeuza njia.

Halafu nikazunguka nje, chini ya lile tundu la mzinga ulilokuwa ukitoa mkono utotoni nikuwekee kombe la pwani. Nikaokota kombe, nikainua, mazoea tu. Mkono ukatoka! Nikaung'ang'ania.

"Mzee, niachie, napunga upepo!" Kumbe fundi rangi wetu.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka kuwashinda. Machozi yaliyonitoka yalikuwa ya mchanga ulioniingia machoni.

Umesema mwaka huu pia huji. Sawa, kazi ni kazi. Ila nikwambie wewe peke yako: safari hii nilipanda juu ya jiwe ndipo nikalifikia lile tundu. Zamani sikuhitaji jiwe.

Kombe lako ninalo.

Ni mimi mjomba wako, kiboko ya papa