Ukuta Ni "Issue", Mimi Ndiye "Threat"

Mpendwa Mwende, binti yangu wa pekee,

Najua huko Uskoti kuna baridi na una mitihani, na utasema, "Mama, si ungenipigia tu?" Nikikupigia nitalia, halafu mtandao ukatike katikati ya kilio. Tena haya nataka yasomwe na wengine. Wayasome hapa mtaani Hurlingham, wajue mama yake Mwende amekasirika.

Kwanza niringe kidogo, ni haki yangu. Hakuna mtu anayenunua chapati kwangu asiyejua kwamba binti yangu anasomea usalama wa kazini ng'ambo. Hata wasiouliza nawaambia. Mtu akingoja chenji, nampa chenji na habari zako. Mama Brayo wa matunda husema, "Wewe nawe, hiyo digrii ni ya mtoto ama ni yako?" Namjibu ni yetu sote, mimi nimesomea upande wa unga.

Unakumbuka ulipokuwa ukisoma ile kozi ya kwanza? Ulikaa juu ya kreti ya soda kando ya jiko langu, hapo uchochoroni nyuma ya zile fleti za zamani, ukisoma kwa sauti huku nikisukuma chapati. Maneno ya Kizungu ya hatari! Sikujua Mzungu anaogopa kwa aina nyingi hivyo. Mimi niliyeishia darasa la saba nilijua "danger" peke yake, ile yenye fuvu kwenye nguzo ya stima. Ukanionyesha karai la mandazi, mafuta yakichemka. "Hiyo, Mama, ni hazard. Ni kitu kinaweza kukuumiza." Mara Mama Brayo akapita na simu sikioni, leso ikiburutika karibu na moto. Ukamvuta mkono ukaniambia, "Na hii sasa ni risk."

Nikakuuliza, "Na threat?"

Ukafikiri kidogo. "Threat ni mtu amekusudia ubaya."

"Kwa hivyo mimi siku nzima nakaanga hazard?"

"Tena unauza, Mama, na watu wanalamba vidole!"

Tulicheka mpaka chapati ikaungua. Hiyo iliyoungua uliila wewe.

Sasa sikiza walichofanya. Ulipoondoka, tingatinga lilikuja kuchimba ploti ya jirani, wanataka kuinua ghorofa refu. Wamechimba shimo mpaka ukingoni kabisa mwa ule ukuta wa mawe wa uchochoro wetu, tuliozoea kuegemea. Ukuta ukaanza kuinama. Ufa ulikuwa wa kupitisha shilingi, siku hizi unameza mkono wangu mzima, na unaujua mkono wangu. Asubuhi nafunua sufuria ya chai nakuta mchanga umemwagika juu ya kifuniko. Na hapo ndipo watoto wa nasari hupita mchana wakienda nyumbani, wameshikana mikono, wanaimba.

Kamati ya wenye fleti ikabandika notisi getini. Nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno. Juu wameandika kwamba wachuuzi wa uchochoroni ni "security threat" na lazima waondolewe. Chini, kwa mstari mmoja mwembamba, kwamba ukuta una "minor issue" na unaangaliwa.

Mwende, nilisimama pale getini nikahisi masikio yanawaka. Mimi! Mimi niliyewalindia watoto wao funguo, niliyempa askari wao uji alipougua, mimi ndiye threat. Na tani zote zile za mawe zinazoning'inia juu ya vichwa vya watoto ni kajambo kadogo.

Jumamosi walikutana kwenye parking. Mkutano haukuwa wangu lakini niliingia na aproni yangu, unga mpaka kwenye viwiko.

"Mwenyekiti," nikasema, "nimekupikia chapati tangu ukiwa na nywele."

Watu wakacheka. Hata yeye akacheka, akajipapasa kichwa.

"Leo nimekuwa threat?"

"Ah, Mama Mwende, usikasirike. Hiyo ni lugha tu ya notisi."

"Basi hiyo lugha ipelekeni kwa ukuta. Uandikeni danger."

Akatazama wenzake, akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayenieleza bei ya sukari: "Mama, tukiandika danger, wapangaji watahama. Nani ataishi hapa?"

Wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeona aibu. Wakaendelea na mambo ya nani ameegesha gari mahali pa nani. Mimi nikabaki nimesimama na unga wangu. Na hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Nilidhani hawajui. Kumbe wanajua vizuri kuliko mimi! Neno kubwa likiwekwa kwa ukuta litawagharimu kodi. Likiwekwa kwangu halimgharimu mtu isipokuwa mimi.

Nikaapa sitoki uchochoroni. Nikajiambia, nikitoka nimekubali kwamba mimi ni mtu mbaya. Ndipo nikakutumia ile picha ya ufa, ili uone jinsi mama yako alivyo shujaa.

Ulipiga simu hata sijaweka yangu chini. Pamoja na vyeti vyako vyote, na Kizungu chako chote, hukusema hazard wala risk. Ulipiga kelele, "Mama, toka hapo! Toka! Acha hata jiko!" Sauti yako ilikuwa ya mtoto. Nikatoka.

Mimi na Mama Brayo tumehamia ng'ambo ya barabara, kwenye jua kali na wateja wachache. Siku iliyofuata mwenyekiti akavuka kuja kutushukuru kwa "cooperation", eti tumeshirikiana nao. Kijiti cha kusukumia chapati kilikuwa mkononi, na Mungu ndiye aliyekishika upande wa pili.

Lakini watoto hawana binti Uskoti wa kuwapigia simu. Kwa hivyo kila mchana nasikia wimbo wao unakuja, naacha chapati kwenye moto, navuka barabara, nasimama mdomoni mwa uchochoro nimetanua mikono. "Msipite hapa! Zungukeni! Zungukeni kule!" Walimu wao sasa wananisaidia. Jana kamati ilibandika notisi nyingine, eti kuna mama analeta "disturbance", yaani fujo.

Waandike. Sauti hii ndiyo iliyokuita ukala ukakua, na haijaisha. Nitapiga kelele hapo kila siku mpaka wachoke na mimi, waite fundi, waubomoe ukuta ule.

Soma kwa bidii, vaa soksi mbili. Na siku watakapokupa kalamu uandike ripoti, usinitie aibu.

Ni mimi mama yako, mwenye sauti kubwa.